Mlango wa Mbele wa Bibi Tinh

Kitasa kile nilikifunga mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba najificha nyuma ya hasira zangu. Hasira ninazo, tena tele, na kila anayestahili atapata fungu lake, lakini tundu lile kwenye ubao wa mfenesi nililitoboa kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipwa, nikaenda zangu kula. Naitwa Suu, ni seremala, na nilizaliwa nyumba tatu kutoka kwa Khue, kwenye mtaa wa mtoni hapa Hoi An, mtaa ambao leo sina hata pa kutundika kofia.

Khue ana miaka sitini na moja. Ni mwembamba, na bega lake la kulia limeshuka kwa sababu ya mti wa kubebea vikapu. Kwa miaka ishirini na saba ametembeza vikeki vya mchele, vile vya kupikwa kwa mvuke kwenye vibakuli vidogo na kunyunyiziwa kamba waliosagwa, na hakuna mtu mtaani ambaye hajawahi kuchuchumaa mbele ya vikapu vyake akila huku anasemwa. Maana Khue alikuuzia chakula na kukusema kwa wakati mmoja. Wanene aliwaambia wapunguze, wembamba waongeze. Mimi niliwahi kutuma watu wa posa baada ya yeye kufiwa na mume. Aliwajibu kwamba amechoka na wanaume, na kama angetaka mwingine angetafuta asiyenuka gundi. Nilinuna wiki nzima, kisha nikarudi kununua vikeki.

Alirudi kwa mama yake akiwa mjane wa miaka thelathini na minne, na hakuondoka tena. Mama yake, Bibi Tinh, mwaka huu alikuwa na tisini na mmoja. Miguu ilimwacha miaka mitano iliyopita, macho yakafuata, lakini ulimi na akili vilibaki vikali kuliko vya wanawe wote wawili. Khue alimwogesha, alimlisha, alimgeuza ubavu huu na ubavu ule, na jioni alimkuna mgongo huku wote wawili wakitusengenya sisi majirani. Ukipita dirishani ukisikia kicheko ujue umetajwa.

Bibi huyu hakuomba mengi. Alitaka jambo moja: afie chumba cha mbele, chini ya meza ya mababu, ile ya picha za marehemu na udi, pale alipofia mumewe na pale walipofia wakwe zake. Kwetu hili si jambo la kuchezea. Mtu akikata roho nje, maiti yake haiingizwi ndani tena. Jeneza linakaa chini ya turubai au kwenye ukumbi wa kukodi, kama la mtu asiye na kwao. Ndiyo maana watu wetu hutolewa hospitalini wakiwa wamebakiwa na pumzi chache tu, wakisukumiwa hewa njia nzima kwa mfuko wa mpira, ili wawahi kufika. Khue alimwahidi mama yake kwamba atafia pale pale. Alimwahidi mara nyingi, maana bibi aliuliza mara nyingi.

Sasa Toan. Ni mdogo wake Khue, ana duka la viyoyozi Da Nang, na hati ya nyumba ina jina lake, kwa sababu baba yao aliona mwana wa kiume ndiye wa kuandikwa. Si mbaya wa kupiga watu. Ni mbaya wa ile aina nyingine, anayekuja na mfuko wa matunda, anakaa kitako, anakuita dada, dada, na akishaondoka unakuta umekubali jambo ambalo hukulielewa. Miaka miwili iliyopita alikuja na mazabibu, akasema nyumba inaozea bure mtoni wakati mtaa mzima unakodisha kwa wageni wa siku mbili tatu, na kwamba Khue na mama hawatahama hata hatua moja.

Mtaa mzima ni kweli. Katika nyumba zetu kumi na nne, kumi na moja zilikuwa zimeshageuzwa za wageni. Moja ilikuwa yangu. Ndiyo, yangu. Mwanangu alinipigia hesabu kwenye karatasi, mke wangu akachoka kupanda ngazi, nikahamia nyumba ya saruji kilomita sita kutoka mtoni, yenye geti na jirani ambaye hadi leo sijui anaitwa nani. Kila nikipita mbele ya nyumba yangu nakuta viatu vya watu wasionijua vimepangwa mlangoni, nami naharakisha kana kwamba nimekuja kuiba.

Nyumba zetu ni nyembamba na ndefu: chumba cha mbele barabarani, uwanja mdogo, chumba cha kati, jiko, kisha mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni. Toan akaikata vipande. Chumba cha mbele na ghorofa yote ya juu vikawa vya wageni. Chumba cha kati na jiko vikawa vya Khue na mama yake, wapite kichochoroni. Mlango wa katikati ukafungwa kwa upande wa wageni. Bibi aliuliza kwa nini sauti ya barabara imekwenda mbali. Khue akamwambia ni kwa muda tu.

Meza ya mababu ilibaki mbele. Hawakuiacha kwa heshima. Iliachwa kwa sababu inapendeza kwenye picha. Msimamizi, binti anayeitwa Thoa, mwenye nyumba tisa za namna hiyo mkononi, ndiye aliyeamua hivyo. Khue akitaka kuwasha udi siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ilibidi amwandikie Thoa kwanza, na Thoa alimpa muda: kuanzia saa tano mchana, mgeni anapotoka, hadi saa nane, mgeni mwingine anapoingia. Mababu walioijenga nyumba ile wakawa wanatembelewa katikati ya kubadilisha mashuka. Siku moja Khue aliikuta chupi ya kuogelea imeanikwa kwenye fremu ya picha ya baba yake. Akaitoa, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani. Mimi ningeitupa mtoni, na kama mwenyewe angekuwapo ningemtupa naye.

Halafu ukaja moshi. Wageni walilalamika kwamba alfajiri kuna harufu ya kuni na mlio wa vibakuli. Thoa akaleta agizo: jiko lisiwashwe kabla ya saa mbili. Vikeki vya mchele huliwa saa kumi na mbili, mtu akienda kazini. Saa mbili unamuuzia nani, paka? Khue akanunua jiko la gesi lisilotoa moshi, akawa anapika amefunga mlango na dirisha, na wateja wakamwambia siku hizi vikeki vyake vina ladha ya hospitali. Hakuwajibu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Khue asiyejibu sikuwahi kumwona.

Na mimi nilikuwa na kazi zangu mbili katika uharibifu ule.

Ya kwanza ilikuwa tundu la dari. Kila nyumba ya mtoni inalo, mraba mpana wa kupitisha kabati, na juu yake kapi la kamba. Maji yanatujia karibu kila mwaka. Wa kwanza kuona yamefika ngazi ya tatu hupiga sinia la shaba, mapigo matatu na kupumzika, mapigo matatu na kupumzika, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Haijalishi mmegombana na nani. Tunaanzia nyumba ya chini kabisa, wawili juu, wawili chini, tunavuta meza ya mababu, mchele, vitanda, nguruwe ukiwa naye, kisha tunakwenda nyumba ya pili. Bibi Tinh mwenyewe tumeshamvuta mara mbili akiwa kwenye kiti chake cha mianzi, anatufokea njia nzima tusimgonge na boriti.

Tundu la nyumba yao liko juu ya chumba cha kati. Thoa akasema mahali pale patakaa beseni la kuogea, lile la mtu kujilaza, kwa hiyo lizibwe. Nilimwambia Toan kwamba maji yatakuja. Akacheka, akaniambia siku hizi kuna utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Nikaliziba. Nilitumia misumari mizuri, ile mirefu, kwa sababu mimi sifanyi kazi ya kulipua.

Kazi ya pili ni hicho kitasa cha namba cha mlango wa mbele. Hakina ufunguo. Kila mgeni anapobadilika namba hubadilika, naye hutumiwa kwa simu. Khue alisimama kando siku ile akinitazama, akaniuliza kama na yeye atapewa namba. Nikamwambia amwulize mdogo wake.

Maji yalikuja mwezi wa kumi na moja, mchana, baada ya mvua ya siku nne milimani. Utabiri ulikuwepo kweli kwenye simu, na Thoa aliuona. Siku moja kabla aliwahamisha wageni wa nyumba zake zote tisa, mizigo yao ikafungwa kwenye plastiki, wakapandishwa mabasi mawili hadi hoteli ya juu. Alifunga milango ya mbele yote tisa. Kichochoroni hakupita. Nilimwuliza baadaye, akasema alidhani Khue ni mwenyeji na wenyeji wanajua la kufanya.

Khue alijua. Maji yalipofika ngazi ya tatu alitoka kichochoroni na sinia la shaba, akapiga. Alipiga mapigo matatu na kupumzika, robo saa nzima. Nyumba tatu zilizobaki na watu zilikuwa na nani? Mjane mwenye nyonga mbovu, mzee kiziwi, na yeye mwenyewe. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa, kimya. Kwenye roshani ya nyumba ya mkabala, iliyo chini ya msimamizi mwingine, walitoka vijana wawili wa Kizungu, wakatoa simu wakamrekodi, na mmoja akampigia makofi. Wale siwalaumu sana, waliambiwa mji wetu ni wa ngoma na taa za rangi. Namlaumu kila aliyeuacha mtaa ule bila mtu wa kuelewa sinia, na katika hao mimi nimo.

Alinipigia simu maji yakiwa magotini mwake. Barabara zote za huku kwetu zilikuwa zimeshakatika.

"Kaka Suu, nimepiga dari kwa mti wa vikapu mpaka umepasuka," akasema. "Hakisogei kitu."

"Hakitasogea, dada."

Nikasikia maji yakipiga ukuta.

"Uliziba vizuri," akasema, akakata.

Nimesemwa mengi na Khue katika maisha yangu. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonitoa usingizi.

Askari wa uokoaji walifika kwa boti kichochoroni maji yakiwa kiunoni. Walimkuta amemweka mama yake juu ya meza, meza juu ya kitanda, naye amesimama majini anaishikilia isielee. Wakamlaza bibi kwenye ubao. Bibi akauliza wanakwenda wapi, na Khue akamjibu, juu, mama. Bibi akawaambia askari wasimgonge na boriti.

Hospitalini walisema ni baridi imeingia kifuani. Siku ya tano daktari alimwita Khue kando akamwambia ni leo, au ikichelewa sana ni kesho. Mimi nilikuwa nimefika na uji. Toan naye alifika, na matunda. Akatueleza kwamba chumba cha mbele kimeshaoshwa kwa mipira ya maji, kimekauka, na wageni wameingia tangu jana hadi Jumapili. Upande wa nyuma ulikuwa bado matope hadi magotini, na ukuta wa jiko umeangukia mlango wa kichochoroni, haupitiki. Kwa hiyo, dada, alisema, ukumbi wa mazishi ndio mpango mzuri, una viyoyozi vya uhakika, anavijua kwa sababu alivifunga yeye.

Khue alikuwa anamlainisha mama yake midomo kwa pamba. Hakuinua kichwa.

"Mama hajui tena yuko wapi," Toan akaongeza, kwa upole wake ule.

"Anajua," Khue akasema. "Kila akizinduka ananiuliza kama tumefika. Mimi ndiye namdanganya. Wewe kula matunda yako."

Toan alisema anakwenda kuzungumza na watu wa ukumbi. Akaenda, na tangu dakika ile simu yake ikawa inaita tu.

Khue akatia saini karatasi ya kumtoa mgonjwa. Akapewa nesi mmoja, Trinh, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, aliyeshawasindikiza wengi nyumbani kwa njia hiyo. Tukakodi gari la wagonjwa. Trinh alikaa kichwani kwa bibi, akiubana mfuko wa mpira na kuuachia, na kifua kidogo cha bibi kikipanda na kushuka. Mimi nilifuata kwa pikipiki, sanduku la vifaa nyuma kama kawaida yangu. Mbele ya mtaa wetu magari hayaingii, tukamshusha, tukambeba kwenye machela katikati ya watalii na baiskeli zao, Khue akiwapigia kelele wapishe. Wengine walipisha. Wengine walidhani ni maonyesho.

Tukafika mlangoni, mlango mzito wa mfenesi uliowekwa na babu yake Toan na Khue. Kwenye ubao wa kulia kulikuwa na kile kidude changu, vitufe kumi, taa nyekundu.

Tulisimama pale. Naomba msomaji asimame nasi kidogo. Mwanamke amezaliwa ndani ya nyumba hii, mama yake ameolewa ndani ya nyumba hii akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa wako nje, juani, kwa sababu hawajui namba ambayo mtu aliyetua jana na begi la magurudumu anaijua.

Khue akampigia Thoa.

"Pole sana, shangazi," Thoa akasema, na sisi sote tukisikia. "Lakini namba ni ya mgeni. Nikiitoa navunja masharti. Wamekwenda kujifunza kupika, saa kumi watakuwa wamerudi. Hamwezi kusubiri kidogo?"

"Mimi naweza, mwanangu," Khue akamwambia. "Huyu niliye naye hawezi."

Thoa, sauti imepungua, akasema ngoja atamwomba ruhusa mwenye nyumba. Mwenye nyumba! Nilitaka kuichukua ile simu niirushe mtoni. Nadhani binti yule alikuwa analia, na huenda naye ana mama mahali fulani, lakini namba hakuitoa.

Nikafungua sanduku langu.

Milango yetu ya zamani haina bawaba za chuma. Kila ubao una kichwa juu na kisigino chini, vimekaa kwenye matundu ya vizingiti, na juu huachwa nafasi ya unene wa kidole. Ni kwa ajili ya mafuriko. Maji yakija unanyanyua ubao, unauvua, mto unapita ndani na kutoka nyuma bila kubomoa kitu. Mwaka jana Thoa alisema upepo unaingia pale juu na kiyoyozi hakishiki, nikaijaza ile nafasi kwa kipande cha mti; hiyo ni kazi ya tatu, ambayo sikuitaja hapo juu. Misumari miwili. Nilijua ilipo kwa sababu niliipiga mwenyewe, kwa ustadi, nikafuta na vumbi.

Nilipanda juu ya kopo la rangi nikaanza kung'oa msumari wa kwanza. Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu. Kijana mmoja akainua simu. Nikamwonyesha nyundo, akaelewa bila mkalimani. Trinh alichoka mikono, Khue akaupokea mfuko, akawa anabana na kuachia, anabana na kuachia, amepiga magoti juu ya mawe ya barabara.

Msumari wa kwanza ulitoka. Nikageuka kuchukua koleo la kung'olea wa pili, nikaona Trinh ameweka vidole viwili shingoni mwa bibi. Aliviweka muda mrefu. Akavihamisha kidogo, akaviweka tena. Kisha akamtazama Khue.

Khue hakumtazama. Aliubana mfuko, kifua kikapanda. Akauachia, kikashuka.

"Nesi," akasema, "bado hatujafika."

Trinh akaondoa vidole. Mimi, juu ya kopo langu, nikasahau nilichoshika mkononi. Sauti za watalii zilikuwa zinaendelea kama kawaida.

"Basi endelea, dada," Trinh akasema. "Taratibu. Usiharakishe."

Msumari wa pili niliuvunja. Sikuutoa vizuri, sikuwa na vizuri tena. Nikaingiza mtaimbo chini ya kisigino, nikaunyanyua ubao ule kwa bega langu, kitasa kikapiga kelele yake ya kitoto, pi pi pi, kisha ulimi wake ukachana mti wa mfenesi na mlango ukanilalia mikononi. Ule mti ulikuwa na umri wa miaka mia moja na zaidi. Niliusikia ukipasuka na sikujali.

Tukamwingiza. Chini ya meza ya mababu kuna kitanda kile cha ubao mmoja mpana, alichofia mumewe bibi. Wageni walikuwa wamekifanya meza ya kahawa. Nilifagia kwa mkono mmoja, vikombe, ramani, kofia za majani, chupa ya mafuta ya jua, vyote vikaenda sakafuni, na sikuomba radhi na sitaomba. Tukamlaza, miguu ikielekea mlangoni, kichwa chini ya picha ya mumewe. Khue alikuwa bado anabana. Akainama sikioni kwa mama yake.

"Mama, tumefika. Hawakukugonga na boriti."

Akaubana mfuko mara tatu zaidi, nilihesabu, akauondoa usoni mwa bibi, akaukunja na kumrudishia Trinh kwa mikono miwili. Trinh alitazama saa yake. Akasema saa saba na dakika arobaini, akaandika, na nilichungulia karatasi ile nikaona ameandika: nyumbani. Mtu akitaka kubishana na Trinh aje kwanza abishane nami.

Khue akawasha udi. Ilikuwa ndani ya muda wake hata hivyo, bado dakika ishirini kabla ya saa nane, na ndipo nilipolia, si kwa bibi, bali kwa hesabu ile ya kipuuzi iliyonijia kichwani mwangu mwenyewe.

Simu yake ikalia mfukoni, ujumbe umeingia. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akanipa.

"Nisomee, kaka Suu. Miwani yangu iko kwenye matope."

Ulikuwa ule ujumbe wanaotumiwa wote, umeandikwa tayari na mashine, na jina la Khue limepachikwa mwanzoni. Nikamsomea ulivyo. Karibu nyumbani, Khue. Namba yako ya mlango ni tano, nane, mbili, sifuri, moja, sita. Tafadhali vua viatu na usipige kelele. Jisikie uko kwenu.

Khue alikuwa anamfunga mama yake kidevu kwa kitambaa cheupe. Alimaliza kwanza fundo.

"Mwandikie tumeshafika," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo. Kisha nikatoka, nikauokota ule ubao wa mlango, nikauegemeza ukutani kwa nje, na kwa siku zote tatu za msiba sikuurudisha.